Indiketa Isiyoaminika: Waendesha Boda wa Kikuubo Kwenye Viplefti vya Kampala

Kikuubo kwenyewe hakuna kiplefti. Kuna vichochoro vya maduka ya jumla jirani na stendi za mabasi na soko la Owino, wapagazi wenye mizigo vichwani, na pikipiki zinazofungwa katoni za sabuni na biskuti mpaka ukimtazama mwendeshaji kwa nyuma unaona helmeti tu. Lakini mzigo ukitoka hapo kwenda mbali kidogo, lazima upite kwenye mzunguko fulani. Njia ya kusini inakupeleka Kibuye, ya kaskazini inakutanisha na Mulago na Kubiri. Huko ndiko ugomvi unakozuka kila siku. Dereva wa gari anasema boda alijipenyeza. Mwendesha boda anasema gari lilikata kona bila kuwasha indiketa. Mara nyingi wote wawili wanasema kweli, na ndiyo maana ugomvi wenyewe hauishi.

Mkanganyiko uliongezeka Juni 2025, serikali ilipoanza kutoza faini za barabarani kwa kamera kupitia mfumo wa EPS Auto. Mwendo kasi ulitozwa shilingi 200,000, au 600,000 kwa aliyezidisha mno. Wananchi walipiga kelele, hasa juu ya sehemu zilizowekewa kikomo cha kilomita 30 kwa saa, na haukupita muda mfumo ukasimamishwa. Mjadala ulihusu zaidi pesa na mwendo. Suala la gari linalogeuka bila kusema linakogeukia halikuguswa, ingawa kwa mtu aliye juu ya magurudumu mawili hilo ndilo la kwanza kumtisha. Ripoti za polisi ya Uganda zinaonyesha vifo 4,806 barabarani mwaka 2023 na 5,144 mwaka 2024. Si vyote vilitokea kwenye makutano, lakini waendesha pikipiki na abiria wao wana fungu kubwa humo.

Sheria iko wazi

Uganda inaendesha kushoto, kwa hiyo magari huzunguka kiplefti kwa mwelekeo wa mishale ya saa. Anayeingia humpisha aliyekwisha kuingia, yaani anayemjia kutoka kulia. Kanuni hii tunaiona ya kale kuliko ilivyo: Uingereza yenyewe iliifanya rasmi Novemba 1966, miaka minne baada ya Uganda kupata uhuru. Kabla ya hapo viplefti vingi vilikuwa vikijifunga, kwa sababu waliomo hawakuweza kutoka na walio nje hawakuacha kuingia. Anayepita Kibuye saa kumi na moja jioni anaijua hali hiyo bila kufundishwa historia.

Kuhusu indiketa, shule za udereva hufundisha hivi. Anayetoka njia ya kwanza awashe kushoto tangu anapokaribia. Anayekwenda moja kwa moja asiwashe kitu anapoingia, kisha awashe kushoto akishaipita njia iliyo kabla ya yake. Anayekwenda kulia au anayegeuza awashe kulia, ashike upande wa ndani, kisha abadilishe kuwa kushoto anapokaribia kutoka. Ni kanuni nzuri, ila inamtaka dereva afanye vitendo viwili au vitatu kwa sekunde chache huku akitafuta nafasi ya kuingia, na huku taksi ya abiria 14 ikimsukuma kwa nyuma.

Indiketa inaharibikia wapi

Wengi husema madereva hawana adabu, kisha mazungumzo yanaishia hapo. Adabu ni sehemu ndogo. Sababu nyingine zina mantiki yake, na mwendesha boda asiyezijua atashangazwa kila siku.

Ya kwanza ni ya kimashine. Indiketa ya gari hujizima usukani unaporudi katikati. Kwenye kona ya kawaida hilo ni jambo jema. Kwenye kiplefti dereva hukata kushoto kidogo anapoingia, kisha kulia, kisha kushoto tena. Indiketa aliyoiwasha kwa nia njema inajizima katikati ya safari, na yeye bado anaamini inawaka. Kwenye pikipiki mambo ni kinyume, kwani indiketa nyingi hazijizimi kabisa. Mwendesha boda aliyetoka Mulago na indiketa ya kushoto anaweza kufika kwenye makutano yanayofuata ikiwa bado inamwambia dereva anayesubiri pembeni kwamba anakata kushoto. Dereva anaingia barabarani kwa imani hiyo, na mgongano unaofuata umesababishwa na taa ya boda mwenyewe.

Ya pili ni hazadi. Wako madereva wanaowasha taa zote nne kumaanisha wanakwenda moja kwa moja. Aliye mbele kabisa au nyuma kabisa huona pande zote mbili zikiwaka, labda akaelewa. Mwendesha boda yuko ubavuni, na anaona upande mmoja tu. Aliye kushoto kwa gari anaona indiketa ya kushoto. Aliye kulia anaona ya kulia. Gari moja limetoa habari mbili zinazopingana kwa wakati mmoja, na zote mbili ni za uongo.

Ya tatu inatoka barabara kuu. Huko madereva wa malori wana lugha yao: indiketa ya kulia humwambia aliye nyuma asipite, ya kushoto humwambia njia ni nyeupe. Lugha hiyo inaokoa watu kwenye milima na kona. Lakini barabara ya Masaka inaingia Kibuye, na dereva aliyeizungumza kwa saa tatu haiachi nje ya mji.

Ya nne inaihusu Kikuubo kuliko soko jingine lolote la Kampala. Wateja wake wakubwa wanatoka Kongo, Sudan Kusini na Rwanda, nchi ambazo magari huendeshwa kulia. Dereva aliyekulia huko amezoea kuangalia kushoto kwanza anapoingia kwenye mzunguko. Akija na gari lenye usukani wa kushoto, upande wake wa kulia una sehemu kubwa asiyoiona, na kulia ndiko boda aliyemo mzungukoni anakotokea. Gari la Kampala lenye usukani wa kulia lina tatizo la upande wa pili: dereva haoni vizuri kushoto kwake, ambako boda hupenda kujipenyeza.

Na kuna sababu inayouma zaidi, kwa kuwa mwenye kosa anafanya hesabu sahihi. Kwenye foleni nzito, kuwasha indiketa ni kumpa mwenzako taarifa ya nafasi unayoitaka, naye ataiziba. Dereva aliyejifunza hivyo kwa miaka huacha kuwasha. Anaingiza pua ya gari kwanza, indiketa inafuata baadaye kama risiti. Trafiki akisimama katikati na kuongoza kwa mikono, kama ilivyo kwenye makutano mengi ya Kampala saa za msongamano, indiketa inapoteza hata kazi iliyobaki. Kila jicho liko kwenye mkono wa askari. Foleni inasogea, lakini madereva wanafunzwa kwamba taa zao hazina msomaji.

Tukiongeza balbu zilizokufa, picha inakamilika. Uganda ilipiga marufuku mwaka 2018 kuingiza magari yenye umri wa zaidi ya miaka 15, ila yale yaliyokwisha kuingia yako barabarani bado, na taa zake zina umri uleule.

Ubavu wa kushoto

Gari linalotoka kwenye kiplefti cha Uganda hutoka kwa kukata kushoto. Kama lilikuwa upande wa ndani, litavuka ukingo wa nje ili lipate njia yake. Boda aliyeshika ukingo huo, sambamba na gari na akiwa na nia ya kuendelea na mzunguko, anafungiwa njia na ubavu wa gari. Hahitaji kugongwa kwa kasi. Akiguswa tairi la mbele tu, yeye, abiria na katoni wako chini.

Hapo indiketa ingesaidia kiasi gani? Kidogo kuliko tunavyodhani. Boda aliye ubavuni, usawa wa mlango wa abiria, haoni taa za nyuma wala za mbele. Gari lenye taa ndogo kwenye saidimira au ubavuni litamwonya, lisilo nayo halitamwonya hata kama dereva wake ni mtakatifu. Tatizo la indiketa mbovu linakuwa la hatari kubwa kwa sababu boda yuko mahali ambapo hata indiketa nzuri haionekani. Jambo hili halitajwi kwenye lawama za kawaida, na hoja zinazofuata zinapaswa kupimwa nalo.

Hata miongozo rasmi inayumba. Wa Uingereza, ambao makoloni ya zamani yalirithi mengi kutoka kwake, unakubali mwendesha baiskeli ashike upande wa kushoto mzunguko mzima, na unawataka madereva wampishe. Kwenye mji ambao dereva anampisha kweli, sawa. Kampala, kushika ukingo ni kukabidhi uhai wako kwa saidimira ya mtu mwingine.

Hoja ya faini

Wanaotaka mkono wa sheria wana msingi. Kanuni zipo tayari, hazihitaji tingatinga wala mkopo, na adhabu yenye uhakika hubadilisha tabia upesi kuliko mahubiri. Udhaifu uko kwenye ushahidi. Kamera inapima mwendo kwa nukta moja na kusoma namba ya gari. Kosa la indiketa ni kosa la mfululizo: aliwasha lini, alizima lini, alitoka njia ipi. Linahitaji video na mtu wa kuitafsiri, ama askari aliyesimama pale, na askari aliyesimama pale na kosa lisilo na ushahidi wa maandishi ndio mwanzo wa mapatano ya pembeni ambayo kila Mganda anayajua.

Kuna kasoro ya pili. Faini inaweza kumlazimisha dereva awashe taa. Haiwezi kumlazimisha awashe iliyo sahihi. Mtu anayeogopa kutozwa atawasha chochote, pengine hizo hazadi, na tutakuwa na taa nyingi zaidi zenye maana chache zaidi.

Ajabu ni kwamba sehemu ya EPS Auto iliyochukiwa zaidi, kikomo cha kilomita 30, ndiyo iliyokuwa na faida ya moja kwa moja kwa boda. Mwendo ukiwa mdogo, indiketa iliyokosekana inageuka kuwa usumbufu tu. Kosa la serikali lilikuwa kuanzisha kikomo hicho kwa mtego wa faini kabla ya alama kueleweka, jambo lililokifanya kionekane mradi wa kukusanya pesa.

Hoja ya kujenga upya

Wahandisi hukipenda kiplefti, na wana hesabu. Makutano ya kawaida ya njia nne yana nukta 32 ambapo njia za magari zinaweza kugongana. Kiplefti cha leni moja kina nukta nane. Migongano ya uso kwa uso na ya ubavu kwa kasi inapungua sana. Hesabu hiyo, hata hivyo, ni ya magari. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 kuhusu viplefti vya Flanders, Ubelgiji, ulikuta ajali za kujeruhi waendesha baiskeli ziliongezeka kwa asilimia 27 baada ya makutano kugeuzwa viplefti. Pikipiki si baiskeli, ila wembamba na ukosefu wa kinga ni uleule. Na viplefti vya Kampala si vya leni moja. Alama za leni zimefutika, kwa hiyo idadi ya leni huamuliwa na waliopo kwa dakika hiyo.

Njia iliyochaguliwa na serikali kwa miaka mingi ni kuvipunguza. Barabara ya Northern Bypass ilifunguliwa mwaka 2009 ikiwa na viplefti kwenye makutano yake makubwa. Awamu ya pili ikaja na madaraja ya juu ya kuvivuka. Makutano ya Clock Tower, si mbali na Kikuubo, yamepata daraja lake kwa mkopo wa Japani kupitia shirika la JICA. Makutano mengine yamewekewa taa. Taa zina sifa moja kubwa: hazimtegemei dereva kutangaza nia yake, zinampangia zamu. Lakini anayevuka taa nyekundu hugongwa ubavuni na gari lenye kasi, na boda wa Kampala hawana sifa ya kusubiri kijani. Daraja la juu nalo haliifuti foleni. Linaihamishia mbele, na magari yanafika kwenye kiplefti kinachofuata yakiwa na kasi zaidi.

Kilichosahaulika katikati ya miradi mikubwa ni kazi ndogo. Mdomo wa kuingilia unaweza kubanwa ili gari lipite moja baada ya jingine. Matuta yanaweza kuwekwa kabla ya mstari wa kupisha. Rangi inaweza kupakwa upya kila mwaka. Taksi zinaweza kuzuiwa kusimama kupakia mita kumi baada ya kutoka mzungukoni, kwa maana konda akipiga bati na taksi ikafunga breki hapo, boda aliye nyuma hana pa kwenda. Kazi hizi hazina sherehe ya uzinduzi, labda ndiyo maana zinasubiri.

Hoja ya kuwaondoa

Kati ya Machi na tarehe 27 Julai 2020, kipindi cha korona, boda walikatazwa kubeba abiria lakini waliruhusiwa kubeba mizigo. Mwaka huohuo KCCA, mamlaka ya jiji la Kampala, ilitangaza mpango wa katikati ya jiji bila boda. Wanaouunga mkono wanasema msongamano utapungua na hospitali ya Mulago itapumua kwa majeruhi kupungua.

Mpango huu una tatizo la jiografia. Popote mpaka utakapochorwa, boda watajazana mpakani wakisubiri, na pembezoni mwa katikati ya jiji ndiko viliko viplefti. Unamwondoa boda kwenye kichochoro ambako mwendo ni wa kutembea, unamweka kwenye mzunguko. Kwa Kikuubo kuna tatizo jingine: lori haliingii, gari dogo likiingia halitoki. Mfanyabiashara mdogo wa Makindye anayenunua katoni tatu za mafuta hawezi kukodi gari. Boda ndiyo usafiri wa mizigo wa soko hili, na kuiondoa bila kitu cha kushika nafasi yake ni kupandisha bei ya sabuni mitaani.

Hoja ya kujilinda

Inabaki ile inayosema: mwendesha boda asiiamini indiketa ya mtu. Hii ndiyo yenye mengi ya kufanya leo.

Indiketa ni dalili moja kati ya kadhaa, na ndiyo dhaifu kuliko zote. Tairi la mbele halidanganyi. Likianza kugeuka, gari linageuka, taa iseme itakavyo. Bega na kichwa cha dereva husema mapema zaidi, kwani anayetaka kutoka kushoto hutazama kushoto, ama angetakiwa kutazama. Gari linalopunguza mwendo karibu na njia ya kutokea lichukuliwe kuwa linatoka. Indiketa inayowaka ithibitishwe na tairi kabla ya kuaminiwa.

Muhimu kuliko kusoma ni mahali pa kukaa. Kuingia nyuma ya gari, katikati ya leni, mahali ambapo uso wako unaonekana kwenye saidimira yake, kunafuta hatari ya kufungiwa kushoto kwa sababu haupo kushoto. Ukijikuta ubavuni tayari, legeza mkono, gari litangulie. Kushoto kwa lori lenye tela usikae kamwe: tela hukata kona kwa ndani zaidi ya kichwa chake.

Mwendo una hesabu yake. Kwenye lami kavu, mtu anayechukua sekunde moja na nusu kushtuka na kukamata breki, akiwa na kilomita 20 kwa saa, atasimama ndani ya mita kama 11. Akiwa na kilomita 40 atahitaji mita kama 29. Mwendo umeongezeka mara mbili, umbali zaidi ya mara mbili na nusu. Hiyo ni kabla ya kuongeza katoni sita na abiria, au mvua inayofurisha mfereji wa Nakivubo.

Kuonekana pia kuna takwimu. Utafiti wa Auckland, New Zealand, uliochapishwa mwaka 2004, ulikuta waliovaa nguo za kung'aa walikuwa na hatari ya kuumia iliyo pungufu kwa asilimia 37, na waliowasha taa ya mbele mchana asilimia 27. Helmeti nyeupe ikilinganishwa na nyeusi ilipunguza asilimia 24. Helmeti yenyewe, rangi yoyote, hupunguza uwezekano wa kufa kwa takriban asilimia 42 na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Ila haizuii kufungiwa njia. Kazi yake inaanza baada ya kuanguka.

Udhaifu wa hoja hii si wa kiufundi. Inamtwisha mzigo asiye na kosa, na inampa dereva mzembe kisingizio. Pia inagongana na mfuko. Boda wengi wanalipa hesabu ya siku kwa mwenye pikipiki au rejesho la mkopo, na wanalipwa kwa safari. Kukaa nyuma ya gari kama gari ni kupoteza kitu pekee ambacho pikipiki inauza, yaani kupita pale gari lisipopita. Anayemwambia mwendesha boda aache kujipenyeza anamwambia apunguze safari, na hamwambii nani atalipa tofauti. SafeBoda, iliyoanza Kampala mwaka 2014, ilionyesha kwamba mafunzo na helmeti ya abiria vinaweza kuwa sehemu ya bidhaa ambayo mteja anaichagua. Hapo mwendeshaji alikuwa na sababu ya kipesa ya kuwa mwangalifu, na mawaidha hayana nguvu hiyo.

Kipi kitangulie

Nikizipanga hoja hizi kwa faida na gharama, ya kuwaondoa boda inashika mkia, na kwa Kikuubo ni kichekesho. Faini za indiketa zinafuata kutoka chini. Kosa halishikiki, na adhabu inazaa taa za kubahatisha. Kupunguza mwendo kwenye midomo ya Kibuye, Mulago na Kubiri kwa matuta, rangi na kubana njia kunalipa haraka kuliko daraja la juu, tena kunamlinda hata boda mzembe. Kikomo cha kilomita 30 kinastahili kusimamiwa maeneo hayo, kikiwa na alama zinazosomeka kwanza na kamera baadaye. Na wakati hayo yanasubiriwa, nafasi ya boda barabarani ndiyo kinga iliyo mikononi mwake: aondoke ubavu wa kushoto.

Kikuubo ina jambo lake la kufanya bila kuisubiri KCCA wala Bunge. Mizigo inafungwa pale sokoni, na wafungaji wake wanajulikana. Katoni zikipandishwa hadi kufunika indiketa na taa ya nyuma, pikipiki inaondoka ikiwa bubu, na mwendeshaji wake atamlaumu vipi dereva asiyewasha? Upana wa mzigo usiozidi usukani, na taa ya nyuma na indiketa mbili zinazoonekana kabla kamba ya mwisho haijakazwa: masharti hayo mwenye duka anaweza kuyaweka kwa kila boda anayepakia mlangoni pake, na mteja wake atayaunga mkono, kwa sababu mpaka mzigo ufike, hasara ya katoni zilizomwagika Kibuye ni ya mtu aliyezilipia.